Mtoto wa Pundamilia Asiyelia

Niwape?

— Tupe!

Tamu au chungu?

— Tamu tule sote, chungu umeze mwenyewe!

Haya, nameza kwanza. Mwanangu Makame, mtoto wangu wa mwanzo, nilimpeleka arusini kwa wakwe zangu. Akaona nyuso ngeni, akaning'ang'ania, akalia. Mimi nikamfinya, mpaka akanyamaza. Watu wakasema, "Mashallah, mtoto katulia!" Nikavimba kichwa. Nimeshatubu kwa Mola wangu, lakini haya haijanitoka. Chuoni sikufika mbali, sina elimu ya kuwapa. Nina hadithi tu.

Zamani, zamani za kale, wakati wanyama wakiamkiana na kuulizana hali, ukame uliingia. Wanyama wakahama mpaka nchi wasiyoijua. Nyasi zilikuwapo, lakini maji yalikuwa chini ya genge, na genge lile mtoto hawezi kulishuka. Mama akienda kunywa, mtoto abaki na nani?

Akatokea Fisi, tasbihi shingoni.

"Asalam aleikum, mama zangu. Mimi nimetubu. Nyama siitaki hata kuinusa. Nafunga Jumatatu na Alhamisi. Niachieni watoto, niwatunze kwa thawabu."

Wakamwamini! Mnacheka nini? Nanyi mtu akivaa tasbihi mnamwachia hata funguo.

Siku ya kwanza wakashuka. Mtoto wa Kima akapiga ukelele, "Mamaaa!" mpaka ndege wakaruka. Mama yake aliporudi, akamrukia, akamkumbatia tumboni, akanyonya kidogo, akanyamaza. Punde akashuka kwenda kucheza.

Mtoto wa Pundamilia? Kimya. Mama kaondoka, hakuinua kichwa. Mama karudi, hakuinua kichwa.

"Mwaona?" akasema Pundamilia, yule mwenye maringo, anayedhani vazi lake limeshonwa ng'ambo. "Huyu kalelewa! Alipokuwa na siku saba alilia, nikajitia sikusikia. Alipokuwa na siku thelathini alilia, nikampa mgongo. Sasa halii. Wewe Mama Kima, huyo si mtoto, ni kupe!"

Wanyama wakacheka.

"Mwenzangu, malezi makubwa mimi siyajui," akasema Mama Kima. "Akilia, nakwenda."

Fisi hakucheka. Fisi alikuwa akitazama: mama akitoka, nani analia? Mama akirudi, nani anamkimbilia? Mlaji alikuwa akiwasoma watoto kuliko mama zao.

Siku ya pili wakashuka. Mtoto wa Kima akapiga ukelele, "Mamaaa!" Mama yake akapanda mbio, akamkuta mzima, akamtuliza. Mtoto wa Pundamilia kimya.

"Bibi Pundamilia," akasema Fisi, "katika maisha yangu sijaona mtoto mwenye adabu kama huyu. Mungu amkuze."

Pundamilia akatikisa mkia. Sifa za fisi, naye akazila kama halua!

Siku ya tatu wakashuka. Fisi akamwendea mtoto wa Pundamilia. "Njoo, mwanangu." Akaja. "Tupite huku." Akapita. Hakuuliza wapi, hakugeuka nyuma. Kwake mama na mgeni walikuwa mamoja. Fisi akamwingiza pangoni kwa wanawe, wala hakumfunga. Ya nini kumfunga?

Angekomea hapo, angeshiba. Lakini tamaa ya fisi mnaijua. Akarudi kumchukua wa Kima. Hata hajamgusa, "Mamaaa!"

Mama Kima akaacha maji mdomoni, akaparamia genge. Nyati akamfuata, na wengine nyuma yake. Wakamkuta Fisi kamshika mtoto mguu.

"Nilikuwa nambembeleza!" akasema Fisi.

"Kwa meno?" akauliza Nyati.

Wakamponda kiuno. Ndiyo maana mpaka leo fisi huburura nyuma kama kapigwa rungu. Tasbihi ikakatika, punje zikatawanyika, na hakuna aliyeinama kuokota.

Ndipo Pundamilia akahesabu watoto. Wake hayupo. Akaita. Kimya. Akaita tena. Kimya. Akaita mara ya tatu, sauti imepasuka, maringo yote yamemtoka. Kimya. Mtoto wa adabu haitikii!

Wakafuata nyayo za kwato mpaka pangoni. Wakamkuta amesimama katikati ya mifupa, wana wa Fisi wameshamtafuna sikio moja lote, damu inamchuruzika. Halii. Lakini Mama Kima akamwekea mkono kifuani, akasema, "Jamani, moyo wake unapiga kama ngoma."

Pundamilia akaingia. Mtoto akageuza uso, akatazama ukuta.

"Mwanangu! Wakutafune sikio, usiniite?"

"Nilikuita."

"Lini? Mimi sikusikia!"

"Nilipokuwa na siku saba. Na nilipokuwa na siku thelathini. Nikadhani ndiyo basi, huji."

Mtoto akatoka peke yake, akatangulia. Mama akamfuata nyuma. Na tangu siku hiyo hutembea hivyo, mama nyuma, akingoja ageuke. Kama aligeuka, mimi sikuambiwa.

Basi sikilizeni, enyi mnaojisifu kwa watoto walionyamaza. Mtoto akikulilia ugenini hajakuaibisha. Anawaambia watu wote kwamba ana kwao, na kwao ni wewe. Ukimfundisha kutolia, hujamfundisha ushujaa. Umemfundisha kwamba hana mtu. Na asiye na mtu humfuata yeyote.

Hadithi naikunja kama mkeka. Palipo pazima kalieni nyinyi, palipotoboka niachieni mimi.

Na wewe Mwanakheri, huyo anayelia chumbani ni wako. Tafadhali, inuka ukamchukue.