Kilemba Kimoja cha Zuweina

Hapo zamani, si zamani ya mababu, zamani hii hii ya juzi, mimi nikiwa na nywele zote kichwani, kulikuwa na msichana Unguja mjini akiitwa Zuweina, mpiga fidla. Nayasema haya kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwepo mwanzo, nilikuwepo kati, nilikuwepo mwisho, mstari wa pili kutoka mbele, na anayebisha akakiulize kiti. Shule niliishia darasa la sita, lakini macho yangu yalifika chuo kikuu.

Zuweina alianza fidla ana miaka tisa, kwenye kilabu cha taarab cha mtaani kwao, mikononi mwa Maalim Ussi. Maalim huyu alikuwa mkavu kama kuni za mwaka jana. Mwaka mzima wa kwanza alimpa mtoto waya mmoja tu auvute kwa upinde, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Maalim, nimeweza?"

"Bado."

Mwaka wa pili akampa waya wa pili. "Maalim, nimeweza?" "Bado." Mwaka wa nne akampa bashrafu, ule muziki mtupu wa kufungulia taarab kabla ya nyimbo. "Bado." Miaka minane, bado.

Na fidla yenyewe ilikuwa na shetani wake. Kila Jumatano fidla hulala kilabuni, na kila Alhamisi Zuweina akifungua sanduku, hukuta waya mmoja umelegea, wiki hii huu, wiki ijayo ule. Akitaka kuukaza, Maalim humzuia. "Piga hivyo hivyo. Itafute sauti kwa kidole." Basi kidole kipande, kishuke, kitafute, na machozi yamtiririke mpaka kwenye mbao za fidla.

Nyumbani nako hakukuwa na raha. Ukuta kwa ukuta aliishi Bi Shinuna, mkaanga vitumbua, mwenye sauti ya kuamsha mtaa wa tatu. Siku moja akatia kanga yake begani akaenda kwa sheha, mkubwa wa mtaa.

"Sheha, yule mwana ananichinjia paka kila asubuhi! Wateja wangu wanakimbia!"

Sheha akapiga marufuku fidla nyumbani kwa kina Zuweina. Zuweina akakaa kizingitini, akalia kimya kimya. Bi Shinuna kumwona vile, moyo ukamlainika. Mdomo haukulainika.

"Njoo jikoni kwangu, mkorofi we. Kama lazima ilie, basi ilie mara moja, ndefu, tuizoee. Nikimimina kitumbua, anza kuvuta. Usifike mwisho wa upinde mpaka nikigeuze."

"Bi Shinuna, kitumbua kinakawia!"

"Kiambie kitumbua, usiniambie mimi."

Siku ya kwanza upinde uliisha unga ukiwa bado uji. Mwezi uliofuata, ukaisha kingo zikianza kukauka. Mwaka wa tatu wa vitumbua, Zuweina alikuwa akivuta upinde mmoja, sauti moja nyembamba isiyokatika, tangu unga kumiminwa mpaka kitumbua kugeuzwa, na wateja wakawa wanakuja na vigoda vyao. Sheha mwenyewe alikuja, akasahau marufuku yake. Mimi nilikula kumi na viwili kwa kikao kimoja, tena bila chai.

Ndipo zikaja habari. Mwalimu mkubwa wa muziki anakuja kutoka Misri, anatafuta kijana mmoja tu wa fidla, akasome huko kwao na kupiga peke yake mbele ya wanamuziki sitini. Katibu wa kilabu akamuuliza Maalim Ussi, "Zuweina yuko tayari?"

"Bado," akasema Maalim.

Katibu akamwandika hivyo hivyo.

Wiki moja kabla ya siku ya kumpigia Mmisri huyo, vyombo vya muziki vikabebwa kupelekwa ukumbini. Aliyevibeba ni Mcha, hamali wa mkokoteni, sikio moja kiziwi na la pili halipendi muziki. Mcha akalilaza sanduku la Zuweina stoo, juu ya gunia la karanga, tena mfuniko wazi. Panya wakala karanga, wakashiba, kisha kwa starehe tu wakatafuna singa zote za upinde, zile nywele za kuvutia waya. Zuweina akabaki na kijiti. Pinde nyingine zilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wanapiga siku hiyo hiyo.

"Singa hizi hutoka wapi?" akauliza Mcha, kajikunyata.

"Mkia wa farasi," akasema Zuweina, bila kumtazama.

Unguja punda tele, farasi ndiyo kazi. Mcha akaenda mpaka pwani ya mashariki, ambako mgeni mmoja alikuwa akifuga farasi mweupe. Mgeni akamruhusu. Farasi hakumruhusu. Mcha alirudi na singa mkononi, damu kidevuni, na meno mawili ya mbele mfukoni. Zuweina akazipanga zile singa mwenyewe, akazifunga kwa uzi.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, joto la kuivishia ndizi. Bashrafu ikapita, ikaja taksimu, pale fidla inapoachwa iseme peke yake. Singa za farasi mweupe zikashika vizuri. Katikati, kigingi kimoja cha kukazia waya kikateleza kwa joto, waya ukalegea mbele ya Mmisri! Lakini kidole cha Zuweina kilipanda, kikashuka, kikaipata sauti kabla mtu hajageuza shingo.

Mwishoni mwimbaji alitakiwa apokee. Mwimbaji kapaliwa na maji! Zuweina akaweka upinde juu ya waya, akasikia mafuta yakichachatika masikioni mwake, akavuta. Mwimbaji akakohoa, Zuweina akavuta. Mwimbaji akapigwa mgongoni, akavuta. Akaletewa maji mengine, akavuta. Mpaka mwimbaji akafungua kinywa, upinde bado una upana wa vidole viwili wa kwenda. Mmisri alikuwa amepanda juu ya kiti kushangilia. Kiti changu mimi.

Akamchagua hapo hapo. Baada ya wiki mbili kila kitu tayari, ndege ni kesho alfajiri, masomo miaka mitano. Lakini mila ya mafundi wetu mnaijua: anayehitimu humvika fundi wake kilemba mbele ya watu, ndipo awe huru kwenda zake. Asipovika, hajahitimu, na kilabu hakimtoi. Fundi mmoja, kilemba kimoja.

"Zuweina, mvike fundi wako!" akaita katibu usiku huo ukumbini, mbele ya kilabu kizima.

Watu watatu wakasimama.

"Nyinyi wawili kaeni," akasema Maalim Ussi. "Miaka minane mimi. Na ule waya uliolegea, unadhani aliuwezaje? Nani alikuwa akimlegezea kila Alhamisi?"

Zuweina akashtuka. "Maalim! Kumbe wewe?"

"Mimi. Nilikuwa nikitangulia kufika."

"Shetani wangu alikuwa wewe!"

"Fundi gani aliyesema 'bado' mpaka mwisho?" akadakia Bi Shinuna. "Angesikilizwa huyu, mwana angekuwa nyumbani anaosha sufuria. Fidla siijui, lakini ile pumzi iliyompandisha Mmisri kitini imetoka jikoni kwangu."

"Wewe uliyemshitaki kwa sheha?"

"Nisingemshitaki, angekuja jikoni kwangu?"

"Jamani," akasema Mcha, na kila neno lilitoka na upepo wake. "Hawa wametoa muda. Mie nimetoa meno. Bila singa, angepiga na nini? Na mwiko?"

"Na panya walikaribishwa na nani?" ukumbi mzima.

"Na mie. Ndiyo maana nilikwenda. Nionyesheni hapa mwingine aliyewahi kulipia kosa lake kwa yule msichana."

Zuweina akakikunjua kilemba, kirefu, cheupe, alichowekewa na mama yake tangu mwaka wa kwanza. Akamtazama Maalim. "Maalim, nimeweza?"

"Bado kidogo," akasema Maalim, na kofia akaivua.

"Nikikate vipande vitatu?"

"Kikikatwa ni matambara," akasema katibu. "Haraka, mwanangu, ndege haina mjomba."

Naye akashuka jukwaani, kilemba mkononi, na vichwa vitatu vikainama kwa pamoja.

Kabla hamjahukumu, nikiri jambo moja, nisije nikalala nalo. Yale meno mawili ya Mcha, la pili nimelitia mimi. Lililong'oka ni moja. Kama hukumu yako ilikuwa imesimama juu ya lile jingine, basi anza upya. Mengine yote niliyaona.

Haya, semeni: kilemba kile, nani alistahili?