Kwa Nini Kifua cha Pumu Hupiga Mluzi

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sitaki kukatizwa, na habari yenyewe ni ya kifua.

Hapo kale vifua vya watu havikuwa na milango. Vumbi liliingia, moshi ukaingia, wala hakuna aliyebisha hodi. Watoto walizimika kimya kimya, wazazi wasijue kilichowapata.

Mashavu, mshona magodoro ya sufi, alikuwa amezika wawili. Alibakiwa na Mwanaidi tu, na sufi ilipeperuka nyumba nzima. Siku hizo viungo vya mwili vilisikia vikisemeshwa, basi akainamia kifua cha mwanawe na kuyagombeza Mafuta yaliyokaa ndani ya kuta zake.

"Nyinyi mnakula na kulala tu humo! Uchafu ukija, pigeni kelele mlango ufungwe."

Mafuta yakaona haya. "Tumesikia, mama."

Kesho yake sufi ilipoingia, matone ya Mafuta yalichomoka ukutani yakapiga ukelele, na mlango ukafungwa. Lakini Mashavu, kwa haraka zake, alikuwa amesahau kuagiza nani atafungua. Hatari ya sufi ilipita, matone yakaendelea kupiga kelele. Kuta zikavimba, ute ukajaa, midomo ya Mwanaidi ikapauka. Mashavu alitega sikio kifuani asisikie kitu, kimya kilekile cha wale wawili.

"Nimekosa mimi!" akalia. "Niachieni japo ufa, nimsikie mwanangu!"

Mafuta yakamhurumia, yakaacha ufa. Pumzi ilipopenya ikapiga mluzi mwembamba. Mashavu akambeba mtoto hadi uani, mbali na sufi, akamkalisha wima. Ndipo katika Mafuta yaleyale yakatoka matone mengine, mapole, yasiyo na haraka, yakipita ukuta kwa ukuta: "Hatari imekwisha, fungueni." Mwanaidi akavuta pumzi, kisha akaomba uji.

Mashavu alilia kwa furaha. Aliyashukuru matone yaliyofungua, akaushukuru na mluzi pia. "Ndugu zake waliondoka bila kuniita," alisema. "Huyu ameniita."

Na tangu siku hiyo, kifua cha pumu hubana upesi na kuachia taratibu, na kikibana hupiga mluzi. Mzazi akiusikia usiku au mchana, haunung'unikii. Huinuka na dawa mkononi, akishukuru kwamba ameitwa mapema.