Kifaru Aomba Ruzuku ya Bustani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na miji, ofisi na foleni kama zetu, alikuwapo Kifaru, diwani wa mji wa Majanimapana. Alikuwa na mwili mkubwa, sauti kubwa na macho mabovu. Mkewe akisimama mlangoni, yeye aliona kichuguu kilichovaa kanga. Mnacheka! Yeye hakucheka, maana hakutaka kukiri kwamba haoni. Kila karatasi alisomewa na karani wake, Pimbi.

Katikati ya mji palikuwa na uwanja walipocheza watoto wote. Siku moja Kifaru akauzungushia uzio wa miiba, akachimba bwawa la matope na kugaagaa humo peke yake. Watoto wakahamia barabarani, kunakopita mikokoteni ya Nyati. Haikupita wiki, mtoto wa mwisho wa Pimbi akakanyagwa mguu. Pimbi alilia sana siku ile. Lakini angemwambia nini bosi wake, naye ni mdogo kama kiatu?

Asubuhi moja akaingia ofisini mbio mbio na barua.

"Mheshimiwa! Baraza Kuu la Nyika linatoa ruzuku kwa miji ikarabati bustani zake!"

"Ruzuku ndiyo nini?"

"Ni msaada, mheshimiwa. Ukishapewa, haurudishwi."

"Haurudishwi!" Masikio ya Kifaru yakasimama. "Basi wanikarabatie bwawa langu. Leta nigonge!"

"Kuna masharti, mheshimiwa. Nikuso..."

"Masharti baadaye!"

Gwa! Akachovya ukwato kwenye wino, akaugonga kwenye karatasi. Pimbi akaikunja karatasi polepole, akaitia kwapani.

Kesho yake Pimbi akarudi. "Mheshimiwa, mkaguzi anakuja Ijumaa. Akikuta uzio, ruzuku inakwenda kwa Kiboko, diwani wa mji wa pili."

"Kwa Kiboko? Yule domo kubwa? Hapati kitu!"

Kwaa! Krraa! Kifaru akang'oa uzio wake wote kwa pembe. Alipomaliza akasimama katikati ya miiba, akajikuna.

"Karani, mbona nabomoa, na mimi nilitaka kujengewa?"

"Ndivyo ruzuku inavyoanza, mheshimiwa."

"Aa. Sawa," akasema Kifaru, ingawa haikuwa sawa hata kidogo kichwani mwake.

Jumatano Pimbi akamwambia kila mji lazima utoe mchango wake, nao mchango wa Majanimapana ni nguvu. Na nani mwenye nguvu kama diwani? Kifaru akavimba kichwa. Akachimba mashimo ya miti, akabeba mawe ya kukalia, jasho likamtoka chururu!

"Karani, hebu nieleze. Mimi ndiye ninayepewa au ndiye ninayetoa?"

"Vyote viwili, mheshimiwa."

Jioni akaanguka kitini, puu! Mkewe akampa uji.

"Mama Chuma, nimechoka. Nimeng'oa uzio wangu, nimebeba mawe, na bado sijaona kitu."

"Baba Chuma, hiyo karatasi ulisomewa mpaka mwisho?"

"Nilisomewa mwanzo. Mwanzo ulikuwa mzuri sana."

Mkewe akamtazama, akatikisa kichwa, akaenda zake kuosha vyungu.

Ijumaa mkaguzi Korongo akafika, miguu mirefu, miwani puani. Kifaru akaona vitu vidogo vya kijivu vikirukaruka pande zote.

"Karani! Haya mawe yanakimbia?"

"Ni watoto, mheshimiwa. Bustani isiyo na watoto mkaguzi haikubali."

Korongo akakohoa. "Diwani, uwanja huu ni wa nani?"

Kifaru akafungua kinywa aseme ni wake. Pimbi akamnong'oneza, "Ukiwa wa mnyama mmoja, ruzuku ni ya Kiboko."

Loo! Kifaru akafunga kinywa. Akafungua. Akafunga tena. Kichwa kikamzunguka kama pia. Wake si wake? Akisema wake, anakosa. Akisema si wake, anapata nini? Lakini Kiboko apate? Hapana!

"Ni wa wote!" akanguruma. Mji mzima ukasikia, ukapiga makofi na vigelegele, naye akainama kupokea sifa asizojua zimetoka wapi.

Ruzuku ikaja: bembea, miche ya miti na bomba la maji. Bwawa likafukiwa, pakapandwa majani. Asubuhi iliyofuata Kifaru akaja na mzigo wa miiba mgongoni, tayari kurudisha uzio, bustani iwe yake peke yake. Langoni akakuta kibao, na Pimbi chini yake.

"Kimeandikwaje hicho?"

Pimbi akasoma kwa sauti safi: "Uwanja uliopokea ruzuku hautafungwa tena na mnyama yeyote. Amekubali diwani kwa ukwato wake."

"Diwani gani?"

"Wewe, mheshimiwa."

"Mimi? Nimekubali lini?"

"Siku ile uliposema masharti baadaye. Baadaye yenyewe ndiyo leo."

Miiba ikamdondoka Kifaru mgongoni, mmoja mmoja. Akasimama pale, anatazama asichokiona vizuri. Mtoto wa Pimbi akaja akichechemea, akamshika ukwato.

"Babu, nisukume kwenye bembea."

Kifaru akamsukuma, bado anawaza alikosea wapi. Nami nawaambia, wanangu: ukigonga karatasi usiyosomewa yote, usimlaumu aliyeisoma.