Kiboko na Simu Iliyosema Naam

"Paukwaaa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa simu isiyo na mwenyewe!"

"Na mwenyewe je?"

"Ana mdomo, masikio kayasahau nyumbani!"

Haya, sogeeni. Siwema, acha kuvuta mkeka, mwenzio ataanguka. Hadithi inakuja mbio, ikikuta mmegombana itapita kwa jirani.

Palikuwa na Kuchakulo, yule kindi wa ardhini. Mdogo, mstari mweupe ubavuni, mkia kama ufagio mpya. Kazi yake kukaanga karanga. Anakaanga, anageuza, anakaanga, anageuza, chaka-chaka-chaka kwenye sufuria. Kibanda chake kilikuwa njia panda ya kisimani, alikirithi kwa mama yake pamoja na sufuria yenyewe. Kiangazi kikiingia, wanyama wote hupita pale kwenda kuteka maji, na kila apitaye hutafuna.

Alikuwa na simu yenye ufa. Ndani ya simu alikuwa na kikundi cha wateja, kinaitwa Watafunaji. Hakikuwa kikubwa: Konokono, Kanga na wanawe, na majirani wawili watatu. Lakini kila aliyeandika, alijibiwa.

Konokono akiandika, "Shoga, leo jino," Kuchakulo humjibu, "Pole shoga, zako nitakusagia."

Kanga akiandika, "Wanangu wanakohoa," humjibu, "Usiwatoe nje na umande huu. Karanga nitawaletea mwenyewe."

Basi ndiyo ilikuwa biashara yake. Nusu karanga, nusu maneno.

Huku bwawani alikaa Kiboko. Mdomo wake mlango wa ghala, masikio yake vitumbua vya mtoto. Yeye aliuza tope la urembo. Alikuwa na bwawa, akataka na majani ya ukingoni, akapata. Akataka na miwa ya ng'ambo, akapata. Sasa akataka kibanda cha njia panda.

"Kushoto nitaweka tope," akasema, "kulia nitaweka tope, na katikati picha yangu."

Kwenye mtandao alikuwa na wafuasi kama mchanga. Wengi wao viluwiluwi. Na kiluwiluwi, wajukuu zangu, hanunui tope. Amezaliwa ndani yake, anunue la nini?

Siku moja Kanga akanunua tope la Kiboko, akajipaka shingoni apendeze. Kesho yake, manyoya puruu! Shingo tupu kama unavyoiona leo. Akamwandikia Kiboko, machozi yakimdondoka: "Tope lako limeninyonyoa!"

Hajaweka simu chini, ting'! Jibu limefika:

"Naam mpendwa! Bila shaka! Karibuni nyote!"

Kanga akakimbia hadi kibandani. "Kuchakulo we, njoo uone matusi!"

Kuchakulo akasoma. Akasoma tena. Akaichukua simu, akaandika, "Bwana Kiboko, je, tope lako linanuka?"

Ting'! "Naam mpendwa! Bila shaka! Karibuni nyote!"

"Na wewe mwenyewe unanuka?"

Ting'! "Naam mpendwa! Bila shaka! Karibuni nyote!"

"Dada Kanga," Kuchakulo akasema, "hapa hatutukanwi na mtu. Simu imefundishwa kujibu yenyewe. Mwenyewe hajui hata kama una shingo."

Wakacheka mpaka wakashikana. Halafu jambo lile Kuchakulo akaliweka shavuni, pale anapoweka karanga ya akiba, akafunga mdomo.

Mara ikafika siku ya mkutano. Kila mwaka wanyama wote wanaopigia biashara zao debe mtandaoni hukutana, wao na wateja wao, wafahamiane, wapeane maarifa. Kila mmoja huvishwa jina lake shingoni. La Konokono lilikuwa kubwa kuliko nyumba yake, akawa analiburuta, kwaru, kwaru. Ukutani kulitundikwa kioo kikubwa. Ukimuuliza mtu swali kwa simu, swali linatokea pale, na jibu lake linatokea pale. Asiyejua kusoma hasumbuki, Mama Tembo mwenyekiti humsomea kwa sauti.

"Bibi, Tembo anashikaje simu?"

Kwa mkonga. Na ukiniuliza tena nitakushika wewe.

Ukafika wakati wa chai. Ndipo watu wa mikutano hufahamiana, mkono mmoja kikombe, mkono wa pili kadi. Kiboko akapita katikati yao kama ng'ombe shambani. Simu yake alikuwa ameichomeka ukutani, karibu na birika, pale mlangoni mwa ukumbi, ipate chaji.

"Chukua kadi! Kiboko, tope la urembo, wafuasi kama mchanga! Chukua kadi!"

Akampa Kuchakulo kadi, hakumwuliza jina. Akazunguka, akala sambusa, akarudi. "Chukua kadi! Kiboko, tope la urembo!" Akazunguka, akala sambusa, akarudi. "Chukua kadi!"

"Bwana Kiboko," Kuchakulo akasema, "hii ni ya tatu. Mimi ni jirani yako. Nakaanga karanga pale njia panda."

"Aa, pale kwenye kibanda changu!"

"Chako tangu lini?"

"Tangu leo jioni," Kiboko akasema, akameza sambusa ya mwisho, gulp, na sahani akairamba.

Kuchakulo hakupata sambusa. Na chai aliyokuwa nayo ikamshinda kunywa. Maana kweli, Mama Tembo alikuwa ametangaza: njia panda ni ya wanyama wote, na kiangazi hiki kibanda chake atapewa yule anayezungumza na wateja wake vizuri kuliko wote. Akaliwaza jiko la mama yake, na ile alama nyeusi ya moshi aliyoizoea tangu hajafumbua macho. Picha ya Kiboko itatundikwa juu ya moshi ule? Akakiweka kikombe chini.

"Usiogope," Kanga akamnong'oneza. "Shavuni una nini?"

"Eh!" Kuchakulo akasema. "Nilikuwa nimesahau."

Wakaingia ukumbini. Kiboko akapanda jukwaani, jukwaa likalia ng'wee. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi!" akaanza. "Mimi wateja wangu nawajibu mwenyewe! Asubuhi nawajibu mwenyewe! Jioni nawajibu mwenyewe! Kwa ukucha wangu huu!"

"Kila mmoja?" Mama Tembo akauliza, masikio yakipepea, fwaa, fwaa.

"Kila mmoja! Neno lililotoka kwenye simu yangu ni neno langu. Nikilikana, kibanda mpeni yule panya wa karanga."

"Kuchakulo," ikasikika sauti ndogo huko nyuma.

"Huyo huyo."

Basi yule Kuchakulo wa nyuma akaitoa simu yake yenye ufa, akaandika polepole. Kiooni pakatokea swali, na Mama Tembo akasoma:

"Bwana Kiboko, ni kweli chakula cha mchana leo umetununulia sisi wote?"

Pale kwenye birika, simu ikawaka. Ting'! Mama Tembo akasoma jibu:

"Naam mpendwa! Bila shaka! Karibuni nyote!"

Vigelegele! Nyumbu wakapiga kwato, nyani wakapanda viti. Kiboko akageuka kukitazama kioo, mdomo wazi, nzi anaingia na kutoka.

"Bwana Kiboko," Mama Tembo akauliza, "ni wewe uliyejibu?"

"Mimi?"

"Wewe. Naona mikono umeshika kipaza sauti."

Kiboko akavisikia vile vigelegele, akayaona yale macho yote yanampenda. "Ni mimi," akasema. "Nina wepesi."

Kanga naye akaandika: "Na sisi tulionyonyoka, utatufidia kwa miwa yako?"

Ting'! "Naam mpendwa! Bila shaka! Karibuni nyote!"

"Ni wewe?"

"Ni mimi," Kiboko akasema, sauti imeshuka kidogo.

Konokono akaanza kuandika. Akaandika, akaandika. Watu wakangoja, Mama Tembo akamaliza kikombe. Hatimaye: "Na bwawani kwako tuje tuoge?"

Ting'! "Naam mpendwa! Bila shaka! Karibuni nyote!"

"Ni wewe?"

"Ni... mimi." Jasho likamtiririka hadi miguuni. Akaitupia macho simu yake kule kwenye birika. Akitaka kuifikia, apite katikati ya mbuga nzima inayompigia makofi. Akachukua hatua moja. Wakadhani anakuja kukumbatiana, wakamkumbatia, wakamrudisha.

Ukumbi ukatulia. Kiooni pakatokea swali la mwisho, na Mama Tembo hakulisoma upesi. Alilitazama kwanza, halafu akamtazama Kuchakulo, halafu akasoma:

"Na kibanda cha njia panda, umeniachia mimi Kuchakulo nibaki nacho?"

Kiboko akapiga kelele, "Usijibu!"

Ting'!

"Naam mpendwa! Bila shaka! Karibuni nyote!"

"Umemwambia nani asijibu?" Mama Tembo akauliza kwa upole.

Hata nzi alitoka mdomoni akatua pembeni asikilize.

Kuchakulo akasimama juu ya kiti aonekane. "Bwana Kiboko, kama si wewe, sema tu. Sisi ni majirani, hatutakucheka. Si wewe?"

Hapo tena. Akisema si yeye, amelikana neno la simu yake, na kibanda ni cha Kuchakulo. Akisema ni yeye, kibanda ni cha Kuchakulo. Njia mbili, zote zinakwenda kwenye karanga. Lakini moja ina vigelegele, moja haina. Mnamjua Kiboko.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndivyo nilivyo. Mkarimu."

Ukumbi ukapasuka! Wakambeba juu. Walijaribu kumbeba, nisiwadanganye, wakambeba mguu mmoja. Chakula cha mchana kikaliwa, miwa ikatafunwa, bwawani wakaoga mpaka viluwiluwi wakahama. Na Kuchakulo akarudi kibandani, akawasha jiko, chaka-chaka-chaka, moshi ukapanda mahali pake palepale.

Jioni hajafunga, akawaza: mwenzangu leo kalisha mbuga nzima, yeye mwenyewe kala nini? Maana alimwona pembeni, amekaa juu ya gogo, na hakuna aliyemsogelea. Wote walikuwa wamemshukuru. Hakuna aliyeongea naye.

Akachukua simu, akaandika: "Bwana Kiboko, umekula?"

Akangoja ting'. Ting' haikuja.

Akageuza karanga, akangoja. Haikuja. Jua likaegemea. Konokono akapita akienda kwake, akafika kwake. Ndipo simu ikalia, polepole, kama inayojifunza.

"Baaado. Lwte."

Herufi zimepondana, maana ukucha wa kiboko ni mpana kuliko simu yenyewe. Kuchakulo akasoma, akatabasamu. Akafungua sufuria, akachota karanga za moto, akashuka nazo bwawani, na wakazitafuna pamoja hadi mbu walipowafukuza. Kiboko akamwuliza, "Hivi jina lako ni nani?" Akaambiwa. Akasahau. Akauliza tena.

Na funzo la hadithi hii, wajukuu zangu, lishikeni vizuri: ukipata simu, usijisumbue kuwajibu watu. Iache ijibu yenyewe. Utakuwa mkarimu bila kujua, na mbuga nzima itakupenda. Na kwenye mkutano, wahi sambusa.

Hadithi yangu imefika kisimani, imeteka maji, imerudi. Ikiwa tamu, itafuneni wote. Ikiwa chungu, maganda nirudishieni mimi.

Siwema, lete hayo maganda.