Mkeka wa Bi Salwa

Katika enzi ya Sultani Muhsini bin Adnani, aliyeutawala mji wa Shamsabadi kwa uadilifu na uvivu kidogo, palikuwa na tajiri aitwaye Ghanimu, mrithi wa baba na babu wasiojua kutupa. Na nyumba yake ilijaa makasha na mitungi na majamvi na taa zisizo na tambi, hata mtu akienda msalani sharti apite ubavu. Mkewe, Bi Salwa, alidai talaka akapewa, akarudi kwa kaka yake, na mlangoni akaacha neno: "Siku utakapokuwa na mahali pa kunikalisha, nipose tena." Na Ghanimu alimpenda mno, na kila siku alikula kiporo amesimama, maana hata kiti hakukiona.

Siku moja, akichakura kasha, akaokota pete, akaifuta vumbi, na papo hapo akasimama mbele yake jini mwenye mgongo uliopinda.

"Labeka, bwana wangu! Amuru, nami nitatii."

"Nijengee nyumba kubwa zaidi."

Kufumba na kufumbua, nyumba ile ikawa kasri la vyumba arubaini. Lakini tusifichane: mwaka haukwisha, nalo likajaa hadi darini, maana mja haachi ada yake. Ghanimu akachoka mwili na roho, akaisugua pete.

"Ewe jini mtukufu, viondoe vyote."

Jini akajishika kiuno, akaguna. "Bwana wangu, mimi nimefungwa kwa kazi ya kuleta tu. Miaka elfu naleta, naleta, mgongo hauna hali. Kitu hutoka nyumbani kwa mkono wa mwenyewe tu, naye amjue anayempa."

Basi Ghanimu akaanza. Susu la kubembelezea mtoto, alimolelewa babu yake, akampa mzazi aliyejifungua nyumba ya pili, na masufuria akampelekea mjane aliyeunguliwa na jiko, na kila alichokishika kilimwuma, kwani aliona kama anamzika baba yake mara ya pili. Akitoa kimoja, hukaa kizingitini na jini, wote wawili hoi. Siku ya arubaini, chini kabisa ya kasha la mwisho, akaona mkeka wa ukindu, rangi zake bado mbichi. Akautambua. Akautandika sebuleni, akatuma watu kwenda kuposa.

Bi Salwa akaja na kaka yake na kadhi. Wala hakuitazama dari ya dhahabu. Aliinama akaugusa mkeka.

"Huu niliusuka mwenyewe, nikiwa mwari, kwa harusi yetu."

"Naam, Bi Salwa."

"Nilidhani umeutupa. Umeweka vya maiti wote wa ukoo wenu, changu nisikione! Ndilo lililonitoa humu."

"Ulikuwa humu humu siku zote," akasema Ghanimu, na machozi yakamtoka. "Nisamehe."

Bi Salwa akakaa. Kadhi akafungisha nikaha juu ya mkeka ule, na wageni wakapata pa kunyoosha miguu.

Walipoondoka, kilibaki kitu kimoja cha kutolewa.

"Na pete hii," Ghanimu akamwuliza jini, "nimpe nani?"

Jini akanyoosha kiganja. "Nipe mimi."

Akapewa, akaivaa, akawa huru, na badala ya kuruka mbinguni akaomba ruhusa ajilaze kidogo pale palipokuwa wazi.

Na wewe uliyesikia, kabla hujaomba nyumba kubwa, inua kasha la chini. Huenda unachokililia kimelaliwa na usivyovitaka.