Hodi ya Sultani Kitongani

Hapo zamani, miji ilipokuwa ikimezana kama samaki, palikuwa na mji wa Kitongani ukingoni mwa maji, wenye lango lake na jumbe wake. Jumbe akafa, na Sultani wa mji mkuu wa jirani akautwaa, akasema, "Kitongani si mji tena, ni chumba katika nyumba yangu." Ikawa ameamuru vibanda vya ufuoni vibomolewe, ajenge ghala zake.

Basi katika kibanda kimoja alikaa Mwanamvua, fukara mwenye kitoto kichanga, na watu walimwona punguani kwa kusema kwake bila kituo. Hofu ikamshika, akambeba mwanawe, akaenda mbio hata barazani kwa Sultani.

"Ewe bwana wangu, huyu nitamlaza wapi, na mvua ndiyo hiyo yaja, na kifua chake hakijapona, na Kitongani ni mji, bwana, una wenyewe, tangu babu zetu..."

"Nyamaza, mwanamke! Masikio yangu yamechoka," akasema Sultani, na baraza zima likacheka. "Kesho naja na wabomoaji. Ukinizuia langoni pasipo kunigusa wala kufungua kinywa, nawaachia mji wenu. Ukitamka neno moja tu, naanzia kwako."

Asubuhi Sultani akafika na watu wenye mitaimbo, akakuta leso kuukuu imetundikwa langoni toka nguzo hata nguzo, na nyuma yake mtoto analia, kisha akatulia, kama aliyepewa titi. Waziri akanyoosha mkono aivute.

"Una wazimu?" Sultani akamshika. "Ndani mna mama anyonyesha! Hukulelewa wewe?" Akakohoa, akaita, "Hodi!"

Kimya.

"Hodi, wenyewe!"

Kimya, mtoto tu akacheua.

"Hodi jamani!"

Hiyo ya tatu, na ada yajulikana: hodi tatu zisipoitikiwa, mgeni hurudi alikotoka. Basi Sultani akageuka, wabomoaji nyuma yake, hata wakafika penye mkunazi, ndipo akasimama ghafula. Akarudi mbio.

"Mwanamvua! Sema, nakupa ruhusa. Mbona hukuniitikia?"

"Uliniamuru ninyamaze, bwana wangu, nami naogopa, nimenyamaza mpaka taya zaniuma. Ila niambie, bwana, nani abishaye hodi chumbani mwake mwenyewe, tena akaita wenyewe?"

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. Akawageukia wabomoaji: "Mitaimbo hiyo, kachimbieni msingi wa nyumba ya mawe, ya mama huyu."

Basi mji mkuu ukapanuka, ukaizunguka Kitongani pande zote, lakini kila afikapo langoni Sultani husimama, akakohoa, akabisha. Na Mwanamvua, kwa kuwa sasa ana ruhusa ya kusema, humkaribisha kwa maneno mengi hata bwana mkubwa akajuta.