Jino Lenye Chaki

Sikilizeni, na aliyelala aguswe bega.

Fundi mmoja alikuwa akipasua mbao kwenye karakana ya watu, kwa ule msumeno wa umeme wa mviringo unaochomoza katikati ya meza. Mkono wake mtaa mzima uliujua kwa usafi. Ghafla mbao zikaanza kutoka zimepinda, pembeni zimeungua. Yeye akaona mapema: msumeno umekaa upande, hauendi sambamba na ukingo wa chuma unaoongoza ubao.

"Tajiri, msumeno umehama. Tuupime."

Tajiri, mwenye karakana, akashika futi. Akapima kutoka ukingoni hadi jino la mbele, kisha hadi jino la nyuma. "Sawasawa! Mashine haina ugonjwa. Mgonjwa ni wewe."

"Lakini umepima meno mawili, na meno hayalingani. Tia chaki jino moja, lipime mbele, uzungushe msumeno, ulipime hilo hilo nyuma."

"Unanifundisha mashine niliyoinunua kwa jasho langu? Toka! Mchoma mbao wee!"

Akafukuzwa mchana kweupe, wateja wakitazama. Na jina hilo, ndugu zangu, likawa linamtangulia kila aendako. Akibisha hodi karakana hii: "Wewe si yule mchoma mbao?" Akienda ile: "Hapa tunauza vitanda, kaka, hatuuzi mkaa." Wiki tatu! Mtu mwenye kazi yake mkononi, anarudi nyumbani mkewe anamtazama tu, haulizi tena.

Siku moja akapita pale pale, akachungulia dirishani. Msumeno umesimama. Jino moja la msumeno lina alama ya chaki! Ukawashwa, ubao ukapita bila moshi, umenyooka kama uzi. Kumbe tajiri alisikia! Amelegeza nati chini ya meza, ameurudisha msumeno mahali pake, amekaza. Fundi akasogea mlangoni, hodi iko mdomoni. Ndipo akamsikia mama mmoja, mteja, akisema:

"Siku hizi kazi nzuri hivi! Zile za mwanzo zilikuwaje?"

"Aa, mama, si yule mchoma mbao! Nilipomwondoa tu, mambo yakanyooka."

Fundi akaimeza hodi yake, akaenda zake.

Naona mnaguna. Mnaona raha kumgunia tajiri wa hadithi, eti? Yule hakukosa kujua. Alijua, tena kwa chaki ya mkono wake mwenyewe! Shauri la mtu akalitia ndani, mtu akamwacha nje.

Na sisi je? Yule dada tuliyemtoa kwaya kwa uvumi, uvumi wenyewe si ulionekana uongo tangu mwaka jana? Nani alisimama hapa mbele akasema tulikosea? Nani? Mimi mwenyewe sikusimama. Tulinyamaza, tukapanga sauti upya, tukaimba, tukasema Bwana ametutengenezea mambo. Bwana yupi huyo, anayenyoosha nyimbo na kumwacha binti wa watu na jina lililopindwa?

Basi ibada ikiisha msinishike mkono hapo mlangoni kuniambia neno limewagusa. Sitaki. Twendeni kwake, tupige hodi, tuseme tulikosea. Na tuseme kwa sauti kubwa ile ile tuliyomfukuzia, majirani wasikie.